Onazi ya Chuo cha Jamii Huamuliwa Mwaka wa Kwanza

Mwaka juzi niliombwa kutafsiri katika kikao cha wazazi kwenye chuo kimoja cha jamii hapa Kentucky. Waliokuja wengi walikuwa Wakongo, pamoja na sisi wachache wa kutoka Tanzania na Kenya. Mezani palikuwa na vipeperushi vya programu maalumu ya wanafunzi wanaofanya vizuri, na jina lake la Kiingereza, "honors", limetokana na neno heshima. Mkalimani hapewi muda wa kupima maneno. Nikasema "programu ya heshima". Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaniuliza papo hapo: "Papa, sasa batoto bengine habana heshima?"

Sikuwa na jibu la haraka. Heshima kwetu ni ya mtoto anayempokea mzee mzigo. Shahada ya heshima nayo ni ile wanayotunukiwa viongozi na watu mashuhuri bila kukaa darasani hata siku moja. Kipeperushi kile kilizungumzia jambo jingine kabisa: kozi kadhaa zenye kina zaidi, madarasa madogo, utafiti wa mwanafunzi mwenyewe, na maandishi kwenye transkripti, yaani rekodi ya alama zako, yanayoonyesha kuwa umemaliza. Vijana wetu wanaiita onazi, nami nitaiita hivyo hivyo.

Naandika kwa sababu naona familia zetu zikiikosa onazi kwa makosa mawili. La kwanza ni kudhani ni nishani ya wenye vipaji, ambayo mtoto aliyefika juzi na Kiingereza cha kubabaisha hana haja ya kuiulizia. La pili, ambalo vyuo vyenyewe vinalichochea kwa kukaa kimya, ni kudhani kuna miaka miwili ya kuifanya. Haipo. Kwa anayetaka kuhamia chuo kikuu, karibu kazi yote yenye manufaa hufanyika katika miezi 15 ya mwanzo. Asiyelijua hilo hujiunga kwa shangwe na kutoka mikono mitupu.

Kwanza chuo chenyewe. Chuo cha jamii cha umma kikongwe kuliko vyote Marekani kipo Joliet, Illinois. Kilianza mwaka 1901 kwa wazo rahisi, kwamba kijana asome miaka miwili ya mwanzo ya chuo kikuu bila kuhama kwao. Baada ya Vita Kuu ya Pili, tume iliyoundwa na Rais Harry Truman ilitoa ripoti mwaka 1947 ikitaka vyuo vya namna hiyo vienee nchi nzima. Mlango wake uko wazi: mwenye cheti cha sekondari, au kinacholingana nacho, anaingia. Ada nayo si ya kutisha. Katika jimbo la California mkazi hulipa dola 46 kwa krediti moja (kozi moja huwa na krediti kama tatu), kwa hiyo krediti 60 za digrii ya miaka miwili ni dola 2,760, na wengi wenye kipato kidogo husamehewa hata hizo.

Uwazi huo ndio unaowafanya ndugu zetu wakidharau. Mtu akipiga simu Morogoro au Kisumu kusema mwanawe ameingia chuo cha jamii, upande wa pili panakuwa na kimya kidogo, halafu swali: "Kwani chuo kikuu alikosa?" Dharau hiyo haina haki. Lakini chini yake kuna wasiwasi wenye msingi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia na wenzao walionyesha mwaka 2024 kwamba ingawa wanafunzi wanane kati ya kumi wanaoanza chuo cha jamii hutaka hatimaye kupata digrii kamili, ni kama theluthi moja tu wanaohamia chuo cha miaka minne, na asilimia 16 tu ya wote walioanza ndio wanaokuwa wameipata digrii hiyo ndani ya miaka sita. Hata kuhama kwenyewe kuna makato. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilikadiria mwaka 2017 kuwa wanafunzi wanaohama vyuo, ukichukua wa aina zote, hupoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti walizokwisha kuzisotea.

Mwanasosholojia Burton Clark aliligusa jambo hili mwaka 1960, baada ya kuchunguza chuo cha San Jose, California. Alisema vyuo hivi hufanya kazi ambayo hakuna anayeitangaza: huipoza ndoto. Hakuna anayekufukuza. Unapewa kozi ya matayarisho, kisha nyingine, mshauri anakuelekeza kwenye cheti kifupi, unapata kazi ya saa chache zaidi, na siku moja unajikuta huzungumzii tena chuo kikuu. Nimewaona vijana wetu wakipozwa hivyo hivyo, pole pole, bila ugomvi na mtu. Aliyetaka udaktari akachukua cheti cha CNA, yaani msaidizi wa muuguzi, "kwa muda tu". Miaka sita imepita, na bado anawageuza wagonjwa kitandani usiku. Ni kazi ya halali inayolisha watu, sitaisema vibaya. Lakini hakuichagua yeye. Ilimchagua yeye, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza.

Thamani ya onazi ninaiona hapo. Inampa mwanafunzi watu wa kumuuliza.

Nitamweleza binti mmoja ninayemfahamu vizuri, bila kumtaja jina. Alizaliwa kambini Nyarugusu, Kigoma, akafika hapa akiwa na miaka 19. Usiku anapanga mizigo kwenye ghala, kuanzia saa nne hadi alfajiri. Muhula wa pili chuoni alikuwa na krediti 12 na GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.6 kati ya 4, na mwalimu wa historia ya Marekani akamwambia kuna njia ya kufanya onazi ndani ya darasa lile lile la kawaida: mkataba. Wengi hawajui kuwa mkataba upo. Mwanafunzi na mwalimu wanakubaliana kwa maandishi, mwanzoni mwa muhula, juu ya kazi ya ziada yenye uzito. Wanakutana mara kadhaa, na kazi ikikamilika kozi ile inahesabiwa kuwa ya onazi. Huhitaji darasa maalumu linalofundishwa saa nne asubuhi wakati wewe ndiyo kwanza unatafuta usingizi.

Alichagua kuandika juu ya ndege za Tom Mboya, yule mwanasiasa wa Kenya. Alijua tu kwamba kuna vijana wa Kenya waliletwa Marekani zamani. Akasoma kuwa ndege ya kwanza ilitua Septemba 1959 ikiwa na wanafunzi 81, kwamba nauli ilichangishwa na Wamarekani, akiwemo mchezaji wa besiboli Jackie Robinson na mwimbaji Harry Belafonte, na kwamba mwaka 1960 mfuko wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Akaandika kurasa nane za sifa. Rasimu ilirudi ikiwa na neno moja la wino mwekundu pembeni mwa sentensi sita tofauti: "Umejuaje?" Aliniletea karatasi hiyo huku machozi yakimlengalenga, akidhani ameshtakiwa kwa wizi wa maandishi.

Tulikaa jikoni tukazipitia zile sentensi sita. Nne hakuwa na ushahidi wowote. Alikuwa amesema tu kwa sababu zilisikika vizuri. Katika kuzitafutia ushahidi aligundua kuwa mchango ule ulikuwa wa nauli. Nafasi za masomo zilitolewa na vyuo, familia kule nyumbani zilichanga pesa ya mfukoni, na vijana wenyewe walifanya kazi. Halafu akakumbuka deni lake. Mkimbizi anayehamishiwa Marekani husafiri kwa tiketi ya mkopo usio na riba kutoka Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, na familia huanza kuulipa miezi michache tu baada ya kufika. Baba yake alikuwa bado anaulipa kila mwezi. Kazi ikageuka. Ikawa juu ya nani hulipa nauli ya Mwafrika anayekuja Marekani, mwaka 1959 na leo, na hali hiyo inamfanya awe na deni kwa nani. Mwalimu alimwambia hajawahi kusoma hoja hiyo mahali popote. Aliandika rasimu nne.

Nimesimulia kwa urefu kwa sababu hapa ndipo onazi inapoeleweka. Darasa la kawaida lingempa A kwa kurasa zile nane za sifa. Onazi ilimnyima A mpaka ajue amejuaje. Na mwalimu aliyemsoma mara nne ana jambo la kumwandikia kwenye barua ya mapendekezo. Barua inayosema "mwanafunzi huyu alipata A na huja kwa wakati" haimsaidii mtu. Kila mwombaji anayo. Barua inayosema alivunja hoja yake mwenyewe baada ya kuona ushahidi, akajenga nyingine bora, huku akifanya kazi usiku, husomwa mara mbili.

Sasa ile hesabu ya miezi. Mwanafunzi anaanza Agosti. Maombi ya kuhamia vyuo vikuu vingi hujazwa katika muhula wa kwanza wa mwaka wa pili; ya Chuo Kikuu cha California, kwa mfano, hujazwa kati ya Oktoba na Novemba. Kuanzia Agosti ile hadi Novemba hiyo ni miezi 15. Barua ya mwalimu, insha ya maombi, GPA itakayosomwa, mradi wa kuusimulia, vyote viwe tayari. Kazi unayoifanya muhula wa nne inatimiza masharti ya cheti cha onazi, lakini insha yako ilishatumwa. Ukijiunga na onazi mwaka wa pili, kama wanavyofanya vijana wetu wengi kwa sababu ndipo wanapopata taarifa, umeingia sokoni watu wanakunja mikeka.

Programu nyingi hudai krediti kama 15 za kozi za onazi, yaani kozi tano hivi, pamoja na GPA ya 3.25 au 3.5 wakati wa kumaliza. Nyingine huongeza mradi wa mwisho au saa za kujitolea. Tano zikigawanywa kwa mihula minne zinaonekana rahisi. Gawanya kwa mihula mitatu, kisha ondoa ule wa kwanza ambao wengi wetu huutumia kwenye kozi za Kiingereza. Inabaki mihula miwili. Kozi za onazi nazo huwa nyingi zaidi upande wa Kiingereza, historia, falsafa na saikolojia, na baadhi hutolewa muhula mmoja kwa mwaka. Anayesomea uhandisi, mwenye mlolongo wa hesabu na fizikia usioruka hatua, hana pa kuzichomeka ila kwa mkataba. Kwa hiyo mpango wa kozi zote tano uandikwe na mshauri wa masomo mwezi wa kwanza chuoni, hata kama mwanafunzi hajatimiza sharti la kujiunga. Huu ndio ushauri ninaoutoa kwa kila mzazi anayenipigia simu. Wengi husema "ngoja kwanza azoee". Akishazoea, miezi minane imekwenda.

Kumaliza kuna faida yake hata baada ya maombi kutumwa, sikatai. California ina mpango wa UCLA, yaani Chuo Kikuu cha California tawi la Los Angeles, ulioanza mwaka 1985. Chuo cha jamii kilicho mwanachama kikithibitisha kuwa mwanafunzi amemaliza onazi, au ataimaliza kabla ya kuhama, maombi yake hupewa kipaumbele katika kitivo kikubwa cha sanaa na sayansi. Kipaumbele tu; nafasi haijahakikishwa, na uhandisi na unesi haumo. Pia kuna ufadhili wa Jack Kent Cooke kwa wanaohama kutoka vyuo vya jamii, unaofika hadi dola 55,000 kwa mwaka, na huo huwapima waombaji kwa kazi na barua za aina hii hii. Ushindani wake ni mkali mno. Nautaja ili mzazi ajue kwamba watoto wa vyuo vya jamii wana mifuko iliyowekwa kwa ajili yao tu.

Hapa niseme jambo dogo linalowagharimu watu pesa. Barua ikija nyumbani kumwalika mwanafunzi ajiunge na Phi Theta Kappa, hiyo siyo onazi. Ni jumuiya halali ya wanafunzi bora wa vyuo vya miaka miwili, ipo tangu 1918, ina ada ya kujiunga, na uanachama wake hufungua baadhi ya skolashipu. Lakini haina kozi, haina mkataba, haina mwalimu anayekuuliza umejuaje. Baba mmoja alilipa, akaweka cheti kwenye fremu sebuleni, akaamini mwanawe amemaliza onazi. Alikuja kuelewa mwaka wa pili.

Wapo walimu wanaoipinga onazi kabisa, na nimewasikiliza. Wanasema programu za namna hii zilizaliwa mahali pengine. Frank Aydelotte alianzisha ya Swarthmore mwaka 1922 kwa kufuata alichokiona Oxford, kwenye chuo kilichokuwa tayari kimechagua wanafunzi wake. Wanauliza, chuo kinachojivunia kupokea kila mtu kina sababu gani ya kujenga ndani yake chumba chenye bawabu? Darasa dogo na mwalimu anayesoma rasimu nne si haki ya wote?

Ni haki ya wote. Laiti kila darasa la Kiingereza lingekuwa na watu 15, ningeacha kuandika makala hii. Lakini kuifuta onazi leo hakutaleta madarasa madogo kwa wote. Kutawaondolea tu waliokwisha kuyapata. Ugomvi wangu uko kwa bawabu. Baadhi ya programu huanza kwa kudai GPA ya sekondari. Mtoto aliyesoma Nyarugusu amesoma kwa mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa na Kiswahili, na matokeo yake yako kwa asilimia. Asilimia 60 kwenye mtihani wa taifa wa Kongo ni matokeo ya kujivunia. Kwa jicho la Kimarekani lisiloujua mfumo ule, 60 ni kuponea chupuchupu. Na huyo ana bahati kwamba karatasi zake zipo. Wangapi wamekimbia wakiwa wameshika watoto na sufuria?

Mlango wa haki ni ule wa pili, ambao programu nyingi wanao lakini hawautangazi: kuingia kwa alama za chuo chenyewe baada ya krediti 12 au 15, au kwa neno la mwalimu aliyemwona mwanafunzi akifanya kazi. Ningependa huo ndio uandikwe juu kabisa ya kipeperushi. Ningependa walimu waambiwe wazi kuwa ni wajibu wao kumtafuta mwanafunzi aliyekaa nyuma kimya, ambaye Kiingereza chake kinajikwaa lakini swali lake moja liliwanyamazisha wote. Binti yule hakuomba onazi. Aliambiwa. Asingeambiwa, asingejua kuna la kuomba.

Na kwa upande wetu, tusimsukume kila mtoto. Aliyekusudia unesi, ambako nafasi hugombaniwa kwa alama za anatomia na kemia, anaweza kupata hasara akijitwisha utafiti wa falsafa muhula ule ule. Mama wa watoto watatu mwenye shifti mbili anaweza kuhitaji digrii yake imalizike kwanza kuliko kitu kingine chochote. Mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya masomo ya F-1, anayelazimika kubeba krediti zisizopungua 12 kila muhula na asiyepata ruzuku ya Pell, ile ya serikali kwa wanafunzi wenye kipato kidogo, apige hesabu zake vizuri kabla ya kuongeza mzigo. Onazi ni njia mojawapo ya kutopozwa. Isigeuzwe mashindano ya majirani.

Nakumbuka pia kuwa cheti cha onazi hakijijazi chenyewe. Katika vyuo vingi, mwisho wa muhula wa nne, mwanafunzi anatakiwa kuwasilisha fomu ya kumaliza, na fomu za mikataba ziwe zimesainiwa na walimu muhula husika. Binti yule aligundua mwezi wa nne kwamba mkataba wake mmoja ulikuwa na saini yake peke yake. Mwalimu alikuwa amehamia jimbo jingine. Aliandika barua pepe tano. Saini ilifika siku mbili kabla ya mwisho. Tangu hapo nawaambia wote: karatasi ikisainiwa, ipige picha.

Yule mama wa kikaoni nilimjibu mwishoni, nikiwa nimemsindikiza hadi kituo cha basi. Nilimwambia batoto bote wana heshima, ila hii ni kazi ya ziada ambayo mwalimu anaifanya pamoja na mtoto mpaka mtoto ajue kujitetea kwa ushahidi. Akafikiri kidogo, akauliza inafundishwa saa ngapi, maana mkubwa wake anatoka kazini saa kumi na moja jioni. Wakati ule madarasa yote ya onazi yalikuwa ya asubuhi. Tulilipeleka swali lake kwa chuo kwa maandishi, wazazi 22 wakatia saini. Muhula huu limewekwa darasa moja la Kiingereza la onazi, Jumanne na Alhamisi, saa kumi na mbili jioni, viti 20. Nilipopita wiki iliyopita vilikuwa vimebaki vinne, na kwenye orodha kulikuwa na jina la mwanawe.